Sindano Kwenye Gari Bovu

Tulipoachana toleo lililopita, msomaji wangu, nilikuwa chini ya meza ya wakwe zangu natafuta kijiko ambacho hakikuanguka.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili dukani likiwa limefungiwa sabuni, na hujui kijiko gani wala meza gani, ngoja nikusogeze karibu. Mimi ni fundi wa magari. Nafungua injini, nafunga injini, nalala chini ya magari ya watu mpaka mgongo umeshika umbo la sakafu ya gereji. Lakini kuna jambo ambalo wenzangu wa kazini hawalijui hata kidogo: najua kudarizi. Bibi yangu alijaribu kuwafundisha wajukuu zake wa kike, wakamkimbia wote. Mimi nilibaki, nikashika sindano, na sijaiachia mpaka leo.

Basi nikajidarizia shati. Maua kuzunguka kola yote, majani yakiteremka kifuani kufuata vifungo. Nikalivaa kwenda kuwasalimia wakwe. Mama mkwe akaushika mkono wa shati, akauliza nani kafanya kazi nzuri namna hii. Mdomo wangu, badala ya kusema ni mimi, ukasema, "Ni binti yako, mama."

Teke nililopigwa na mke wangu chini ya meza, jamani! Ndipo nikainama kujifanya natafuta kijiko. Nilipoinuka, mama mkwe alikuwa anafuta machozi ya furaha, na baba mkwe ameacha kula, ameitumbulia macho kola yangu.

Sasa mjue kwamba mke wangu anafundisha udereva. Lori anaweza kulirudisha nyuma kwenye uchochoro huku anakusimulia habari za jirani. Lakini kifungo kikimkatika, anakibana kwa pini.

Nikafikiri mambo yameishia pale mezani. Wapi!

Haikupita wiki, hodi ikabishwa mlangoni. Nikafungua. Mama mkwe, begi mkono huu, kifurushi mkono ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Fundi yuko wapi?"

"Fundi si ndiye mimi, mama?"

"Nani kakuuliza wewe? Fundi wa kweli. Mwanangu!"

Akaingia, akafungua kifurushi juu ya meza. Ndani mlikuwa na shati jeupe la pamba, jipya, halina hata ua moja, na boksi la nyuzi za kila rangi.

"La baba yenu hili," akasema. "Waamuzi wenzake wa zamani wa mpira wanakutana, wale waliobaki. Nataka asimame mbele ya wenzake amevaa shati lililodariziwa na mwanawe. Na mimi sitoki hapa mpaka liishe. Nataka niione sindano ikitembea, kwa macho yangu haya."

"Karibu sana, mama," mke wangu akasema nyuma yangu.

Tukakutana jikoni, tukafungulia bomba ili tusisikike.

"Nenda kamwambie," akaninong'oneza.

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Aliyesema uongo ni nani?"

"Ulivyomwona analia vile, wewe ungemwambia nini?"

Akachukua sahani safi, akaanza kuiosha.

"Unajua," akasema, "mashati ya baba yote amedarizi mama. Tangu mdogo nasikia watu wanamsifu kwa mashati hayo, halafu wananigeukia mimi: na wewe binti, unajua nini? Mama hakuwahi kunifundisha. Kila nikimwomba, kesho. Kila siku kesho. Siku ile pale mezani ndiyo mara ya kwanza amenitazama vile."

Nikafunga bomba.

Tukapanga mambo yetu. Asubuhi mke wangu akatoka na shati ndani ya mkoba, akaaga kwamba atakuwa anadarizi kazini akisubiri wanafunzi. Kwenye kona akanikabidhi, nikaenda nalo gereji. Jioni tukakutana pale pale, nikamrudishia, akaingia nalo ndani kalibeba kama mtoto wa jirani.

Mama mkwe akalitandaza mapajani. Kola ilishaanza kuchanua.

"Hili jani umelizungushaje?"

"Nimelizungusha... kwa pembeni, mama."

"Pembeni upande gani?"

"Kushoto. Baada ya kuangalia kioo."

"Na mshono huu unaitwaje?"

Mke wangu akanitazama. Nikakohoa ili nipate muda wa kufikiri.

"Unaitwa kikohozi," akasema.

"Mshono wa kikohozi," mama mkwe akarudia polepole, kama mtu anayekariri asije akasahau.

Nikatoka nje kucheka. Nilicheka mapema.

Ilipofika siku ya mapumziko, mama mkwe akakataa visingizio. "Leo unadarizi hapa, mbele yangu. Ua moja tu, roho yangu itulie."

Mke wangu akakaa kwenye kochi. Akaweka shati mapajani, akafumba jicho moja kama anayelenga shabaha, akaanza kuisukuma sindano kama anaingiza gia iliyokataa. Mimi nilisimama nyuma ya mama mkwe, namwongoza kwa mikono kama anaegesha lori. Njoo. Njoo. Kata kulia. Simama! Nyoosha.

"Tayari!" akasema kwa ushindi, akainuka.

Shati likainuka naye. Mkono wa shati alikuwa ameushonea kwenye sketi yake mwenyewe, na shati zima linaning'inia mbele yake kama bendera siku isiyo na upepo.

Mama mkwe akainama, akalitazama vizuri.

"Hiyo ni staili mpya, mama," nikadakia. "Wataalamu wanaanza kwa kushonea kwenye nguo waliyovaa. Kitambaa kinakazika, hakichezi."

Nikamsubiri anitimue. Lakini macho yalimng'aa. Akavuta kiti karibu kabisa. "Kumbe ndivyo! Hebu rudia, mwanangu. Taratibu, nione vizuri."

Mke wangu akasema kichwa kinamuuma. Wala hakuwa anadanganya.

Sasa niwapeleke gereji. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, kuna gari dogo la abiria ambalo mwenyewe alilitelekeza. Injini halina. Viti linavyo, na mapazia yake madirishani. Wenzangu wakienda kula mchana, mimi nilikuwa nanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, navua ovaroli, navaa shati safi, najifungia humo na kazi yangu. Kitambaa nakibana kwenye duara la mbao, natunga uzi, na dunia yote inakwenda zake. Nikikolea, naimba kidogo. Ni tabia ya bibi yangu hiyo.

Yupo mwenzangu mmoja, fundi umeme wa magari, tunamwita Betri. Si kwa sababu ya kazi yake. Ni kwa sababu akianza kuongea haishiwi chaji. Betri alianza kunitazama kwa jicho la huzuni.

"Ndugu yangu," akaniambia siku moja, "una mke mzuri."

"Ahsante."

"Anafundisha watu kuendesha. Mtu muhimu huyo."

"Najua, Betri."

"Basi kama unajua, yaishe," akasema, akaondoka akitikisa kichwa.

Sikumwelewa. Laiti ningemwelewa!

Haya yanayofuata sikuyaona. Nimesimuliwa na mke wangu, na ninamwamini isipokuwa kwenye mambo ya sindano. Alikuwa amerudi nyumbani mchana kumwangalia mama yake. Mara Betri huyo mlangoni, kofia mkononi, kama aliyeleta habari za msiba.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "mimi si mtu wa maneno. Lakini mkweo ananawa mikono."

"Kunawa mikono ni kosa?"

"Fundi wa magari, mama? Mchana? Ananawa mpaka kwenye viwiko. Anavaa shati safi. Halafu anaingia kwenye gari lenye mapazia, anajifungia."

"Anajifungia na nani?"

"Mimi siwezi kusema nisichokiona. Ila humo ndani anaimba."

"Anaimba!"

"Kwa sauti ya chini, mama. Zile za kubembeleza."

Mke wangu akaangua kicheko, na hilo likaharibu kila kitu. "Mama, hamna mwanamke humo."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

"Mwanangu," mama mkwe akasema akitafuta viatu vyake, "wote walioachwa walikuwa wanajua tu."

Kabla viatu havijaingia miguuni, alishampigia simu mumewe. Kisha akajitanda mtandio, akashika njia. Mke wangu nyuma, Betri nyuma yao wote, anasema yeye hakutaka makuu.

Mimi huku nilikuwa kwenye jani la mwisho la kola. Sindano nimeibana kwa meno, shati mapajani, nusu ya wimbo imetoka. Mlango ukavutwa mpaka gari likatikisika.

"Mtoe!" mama mkwe akafoka.

Nikatoa sindano mdomoni.

Akatazama viti vya nyuma. Akainama kutazama chini ya viti. Kisha akaliona shati.

Akamgeukia Betri. "Wewe subiri nje." Akaingia, akamvuta mke wangu ndani, akafunga mlango. Akalichukua shati, akaligeuza nje-ndani, akaitazama mishono kwa nyuma kwa muda mrefu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Na lile ulilokuja nalo kwetu?"

"Ni mimi vilevile."

Akakaa. Mabega yakaanza kumtikisika. Mke wangu akamshika mkono. "Mama, nilitaka kukwambia, ila ulivyofurahi..."

"Sasa," mama mkwe akasema, "sasa mimi nitafundishwa na nani?"

Tukatazamana, mimi na mke wangu.

"Ufundishwe nini, mama?"

Akainua pindo la gauni lake. Upande wa ndani palikuwa na leso imeshonewa kwenye gauni, imejikunja, uzi umepita huku na huku kama umefukuzwa. "Nilijaribu ile ya kukaza kitambaa," akasema. "Nimeshindwa kuitoa. Na huo mshono wa kikohozi nimeutafuta, sijauona."

"Lakini wewe si unajua!" mke wangu akapiga kelele. "Mashati ya baba yote..."

"Shh!" Mama mkwe akachungulia pazia, akateremsha sauti mpaka tukalazimika kuinama. "Mashati ya baba yako anadarizi baba yako."

Nje mtu aliangusha kitu cha chuma.

Mwamuzi! Yule mzee ambaye hata sebuleni kwake ukikaa kiti kisicho chako anakunyooshea kidole utoke!

"Alijifunza ujanani," mama mkwe akaendelea. "Tulipooana akanikuta sijui hata kutunga uzi. Akaniambia, watu wakiuliza sema ni wewe. Nani angemsikiliza uwanjani, anatoa kadi nyekundu kwa mkono uliotoka kudarizi waridi? Nikasema ni mimi. Wanawake wa mtaani wakaja niwafundishe. Nikasema macho yananiuma. Wakaja tena, mgongo. Nimeumwa kila kiungo kwa ajili ya mashati yale."

Mke wangu alikuwa ameshika kichwa. "Ndiyo maana ulikuwa unaniambia kesho."

"Ningekufundisha nini, mama yangu? Niliposikia umejua, nikasema nitakwenda kwa mwanangu, anifundishe kwa siri, nife nikiwa najua hata ua moja la kweli."

Akalikunja shati polepole.

"Mikono yake siku hizi inatetemeka," akasema. "Aliweka sindano zote kabatini, hataki kuzungumzia. Siku ile mlipoondoka hakumaliza chakula. Alikaa pale pale, akasema: mtoto ameirithi. Kila asubuhi akinywa chai analirudia neno hilo. Hizo nyuzi ni zake. Alizitoa mwenyewe kabatini, akaniambia nimpelekee mtoto."

Nikautazama uzi wa kijani uliobaki kwenye sindano yangu. Ghafla ukawa mzito kuliko gia boksi.

"Basi asijue," mke wangu akasema.

"Asijue kwamba si wewe," mama mkwe akasema. "Na asijue kwamba nimewaambia habari zake. Akijua, nimekwisha."

"Hatasikia chochote kwetu," nikaapa. "Na si yuko nyumbani kwenu?"

Mama mkwe akajipiga kofi la paji la uso. "Yaa! Nilimpigia simu! Nilimwambia aje akuone na mwanamke wako!"

Hapo hapo mlango ukafunguliwa kutoka nje.

Baba mkwe alikuwa amesimama, mikono nyuma, kifua mbele. Nyuma yake mafundi wote waliokuwa wamerudi kutoka kula, wamejipanga kama watazamaji waliowahi nafasi nzuri.

"Tokeni," akasema. "Mmoja mmoja."

Tukatoka. Mama mkwe wa kwanza, mimi katikati, mke wangu mwisho, shati mkononi mwake. Tulikuwa tumemkabidhi kwa haraka, na sindano ikiwa bado inaning'inia kwenye uzi.

"Mwanamke yuko wapi?"

"Hakuna mwanamke, mume wangu. Nilikosea."

"Na wewe, mwanangu, unafanya nini humo?"

"Na... nadarizi, baba," mke wangu akajibu.

Uso wa mzee ulilainika mbele ya watu wote. Akalipokea shati. Vidole vilikuwa vinatetemeka kweli, nikajifanya sioni. Akaligeuza nje-ndani kama alivyofanya mkewe, akaufuata mstari wa jani kwa ncha ya kidole, mpaka pale lilipokatikia.

"Kazi safi," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akamnyooshea binti yake sindano. "Limalizie hili jani, nikuone."

Mke wangu akaitazama sindano kama nyoka. Mimi nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama mawingu.

"Baba, mkono wangu hautulii nikitazamwa."

"Mimi nimetazamwa na kuzomewa na viwanja vizima, mkono ukatulia. Jani moja tu."

"Baba..."

"Mzee!" Sauti ikatoka nyuma ya kundi. Betri huyo, anapasua watu. Sikio lake la kulia lilikuwa na alama ya vumbi la kioo cha gari, nikajua kila kitu tulichosema humo ndani amekisikia. "Muache dada wa watu. Hilo shati ni kazi yangu."

"Kazi yako?"

"Nadarizi mimi. Hawa wananifichia aibu tu."

Mafundi wakalipuka kwa vicheko. Mmoja akakaa chini kabisa. Betri hakujali. Alinikonyeza, uso umejaa wema, kama mtu anayesema: nimekuharibia, basi acha nikutengenezee.

Baba mkwe hakucheka. Akamtazama Betri kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Akampelekea shati, na sindano juu yake.

"Haya," akasema. "Darizi."

Vicheko vikakatika.

Betri akaitazama sindano, akaitazama mikono yake. Asubuhi yote, kabla ya kwenda kwetu, alikuwa akitafuta waya chini ya lori linalovuja, na grisi ilimpanda mpaka kwenye vifundo, nyeusi, inang'aa. Akaifuta kwenye ovaroli. Ikazidi kung'aa.

Nyamaza, nikajiambia. Nyamaza tu. Betri akishindwa, atachekwa Betri, na mzee atarudi nyumbani na furaha yake. Mama mkwe amesalimika, mke wangu amesalimika. Kinachotakiwa kwako ni kufunga mdomo, kazi ambayo hata mtoto mchanga akilala anaiweza.

Vile vidole vikanyooka. Vikateremka kuelekea kola, kwenye weupe ule, kwenye jani langu.

"Usiliguse!"

Ilikuwa sauti yangu. Sikujua kama ninayo sauti kubwa kiasi kile. Nilipozinduka, shati lilikuwa tayari mikononi mwangu, nimelikumbatia, na kidole gumba changu, bila hata kuniuliza, kilikuwa kinaulaza taratibu ule uzi wa jani uliovutika.

Betri aliacha mkono hewani. Mke wangu alifumba macho.

Baba mkwe hakunitazama usoni. Alikitazama kile kidole gumba, namna kilivyokuwa kinatembea juu ya uzi, kwa muda mrefu, kama mtu anayeijua kazi kinayoifanya.

"Kwa nini asiliguse?" akauliza.